Ufunguo wa Kisanduku cha Buluu

Jioni moja ya kusi, nyumbani kwa mjomba wangu huko Ngamiani, mjini Tanga, vijana walichomeka flashi katika televisheni wakaanza kutazama tamthilia ya Kiingereza iitwayo Doctor Who, ambayo mhusika wake husafiri katika zama zilizopita na zijazo ndani ya kisanduku cha buluu cha polisi, kisanduku ambacho kwa nje hakitoshi kulaza kitanda, na kwa ndani kina kumbi, ngazi na vyumba visivyo idadi. Mjomba, aliyemaliza ujana wake katika majahazi ya Pemba, alitazama kimya hata kahawa ikampoa mkononi, kisha akauliza neno moja tu: "Na huyo bwana, mlango wake huufunga kwa ufunguo gani?"

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa niliona mzee ameshika shina la jambo ilhali wao wameshika matawi. Hakuuliza vipi nyumba nzima ikae ndani ya sanduku. Hilo alikwisha likubali, kama alivyolikubali utotoni jini kukaa ndani ya chupa. Alilolitaka ni sharia ya ajabu yenyewe. Na ufunguo, wallahi, upo: kiufunguo cha kawaida, mithili ya cha kabati la nguo.

Tamthilia za namna hii, za sayansi ya kubuni iliyochanganyika na njozi na vituko, zilianza kuonyeshwa ughaibuni tangu zamani: The Twilight Zone ya Marekani mwaka 1959, Doctor Who mwaka 1963, The Prisoner mwaka 1967. Kwetu televisheni ilichelewa, maana Zanzibar iliipata mwaka 1973 na Bara ikangoja hadi 1994. Lakini hamu ya mambo kama hayo hatukuipokea pamoja na chombo, kwa sababu mwaka 1951 karani mmoja wa ofisi ya wilaya ya Tanga, mzaliwa wa Vibambani, alikuwa amekwisha kutoa kitabu juu ya nchi inayoelea angani.

Karani huyo ni Shaaban Robert, na kitabu ni Kusadikika. Mtu akiambiwa habari ya nchi iliyo angani hutazamia malaika na farasi wenye mbawa, kumbe anachokikuta ni baraza la hukumu, waziri mwenye husuda, mashtaka, na mshtakiwa aitwaye Karama, ambaye kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sharia, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa, wakalipwa kifungo. Mwandishi alikuwa ameshinda katika idara ya forodha tangu 1926 hadi 1944. Alijua vema jinsi barua inavyokaa mezani na jinsi mkubwa anavyokunja uso. Nchi ameiweka mawinguni, lakini ofisi ameiacha vile vile ilivyo, na ndiyo maana tunamsadiki.

Aghalabu ajabu hiyo huwa pia ni sitara ya msemaji. Rod Serling, mwanzilishi wa The Twilight Zone, alipotaka kuandika waziwazi juu ya mauaji ya kijana mweusi Emmett Till, wenye matangazo ya biashara walimkatakata mchezo hata ukakosa maana. Basi akageukia viumbe wa sayari nyingine, akasema yale yale, na safari hii hakuna aliyemzuia. Karani wa Tanga, chini ya utawala wa Mwingereza, hakuwa na haja ya kufundishwa hila hiyo.

Tena watu wa pwani hii tumezoea ajabu inayokuja bila tarumbeta. Katika miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga walianza kuwapata silikanti katika majarife ya papa, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu enzi za mijusi wakubwa, hata alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Hifadhi yake ya bahari ikaanzishwa mwaka 2009, na wavuvi wakaendelea kutega.

Sisifu kila kituko. Ziko tamthilia za siku hizi zinazorundika mauzauza juu ya mauzauza, leo mtu ana vichwa viwili, kesho hana hata kimoja, na mtazamaji, maadamu lolote laweza kutokea, hana tena la kulihofia. The Prisoner haikufanya hivyo: mtu aliyejiuzulu kazi ya siri anaamka katika kijiji kizuri chenye bendi na miavuli ya rangi, anaitwa Nambari Sita, na kila akitoroka hurudishwa kwa adabu. Mwisho wake uliwaudhi Waingereza wengi, nami nakiri uliniudhi kidogo.

Sehemu zake ni 17 tu, msomaji, na kila moja haifiki saa. Itazame ya kwanza usiku mmoja, kisha kesho yake azima Kusadikika kwa aliye nacho, usome kuanzia mashtaka ya Karama.