Chagueni Njia Kwanza, Mazoezi Yatafuata

Familia inayoamua kuanza mazoezi pamoja huanza, mara nyingi, na mizani. Baba anataja kilo kumi, mama anataja kiuno, watoto wanaambiwa wapunguze simu. Baada ya wiki tatu mizani imegoma, mvua za masika zimeanza, na raba zimerudi chini ya kitanda. Katika kazi yangu ya tiba ya viungo nimekutana na watu wengi wenye nia njema walioishia hapo, na siamini kwamba tatizo lao ni uvivu. Lengo lenyewe halikuwa na kitu cha kufanya ndani yake. Huwezi kuamka Jumanne ukafanya “kupungua kilo kumi”. Kupanda ngazi Jumanne unaweza.

Ndiyo maana huwashauri wazazi wachague njia: njia halisi ya miguu, yenye mwanzo, mwisho na tarehe kwenye kalenda, kisha waulize njia hiyo inaidai nini miili yao. Nichukue mfano mmoja nikae nao. Familia inaishi Dar es Salaam. Mwezi Juni, shule zikifungwa, inataka kwenda Kilimanjaro kwa siku moja, kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara na kurudi. Hakuna kulala mlimani wala kutafuta kilele. Ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni ndogo sana kuliko za wageni kutoka mbali, na inasikitisha kwamba wenyeji wengi bado wanauona mlima ule kama mali ya watalii.

Lango la Marangu liko takriban mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, na Mandara iko mita 2,720. Katikati kuna kama kilomita 8 za msitu wa mvua, njia yenye kivuli na iliyotunzwa, kima na mbega wakiruka juu ya vichwa. Kwa hiyo mnapanda mita 850 hivi, halafu mnazishuka zote siku hiyo hiyo. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliandika kanuni ambayo watembezi wanaitumia hadi leo. Kwa vipimo vyetu ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiipigia Mandara hesabu hiyo unapata kama saa moja na dakika 36 za umbali na dakika 85 za mwinuko, jumla saa tatu. Hizo ni saa za mtu mzima mwenye mazoezi asiyesimama kupumzika. Mkiwa na mtoto wa miaka kumi na moja na bibi wa miaka sitini na mitano, ongezeni nusu yake, ziwe saa nne na nusu.

Sasa mna lengo. Mwili unaoweza kutembea karibu siku nzima, ukapanda mita 850 na kuzishuka, ni mwili ulioimarika hata kama mizani haijasogea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku mbili. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Maandalizi ya Mandara yatawasogeza huko bila mtu kushika kalamu. Hata zile hatua elfu kumi ambazo simu zinatudai kila siku asili yake ni kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si maabara. Si namba mbaya, ila haijui chochote kuhusu mwinuko.

Kupanda ni kazi ya moyo na mapafu. Kipimo chake cha kuaminika hakihitaji saa ya kisasa: kasi inayofaa ni ile inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mkiwa mlimani, kasi hiyo itakuwa ndogo kuliko mlivyozoea pwani, kwa sababu kila pumzi mnayovuta Mandara ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo ukilinganisha na pumzi ya Coco Beach. Hilo hamwezi kulifanyia mazoezi Dar. Mnachoweza ni kufika na moyo wenye akiba, kisha kuwatii waongozaji na wapagazi wanapowaambia mwende polepole. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana juu ya mita 2,500. Katika safari ya mchana mmoja, wengi watarudi salama, au na kichwa kinachogonga kidogo. Anayetapika, anayeyumba au anayeongea bila mpangilio ashushwe mara moja, hata kama vibanda vinaonekana pale mbele.

Watu huogopa kupanda. Lakini wengi wanaofika kwangu wakichechemea baada ya safari ya mlimani wameumizwa na kushuka, na hapa ndipo maandalizi ya familia nyingi yana pengo.

Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi huku ikifupika na kuusukuma mwili juu. Unaposhuka, misuli ile ile hufanya kazi huku ikirefushwa. Kila hatua inapokea uzito wako wote na kuuachia taratibu, kama breki ya lori kwenye mteremko mrefu. Kazi hiyo haichoshi mapafu, ndiyo maana vijana hushuka wakikimbia na kucheka. Ndani ya misuli, hata hivyo, nyuzi ndogo ndogo zinachanika. Jioni hujisikii vibaya. Kesho yake mapaja yanaanza kukaza, na keshokutwa unashuka kitandani ukishikilia ukuta. Wengi hulaumu asidi ya laktiki, lakini hiyo huondoka mwilini ndani ya saa moja au mbili baada ya kupumzika. Maumivu yanayofika kileleni siku ya pili au ya tatu yanatokana na zile nyuzi na jinsi mwili unavyozitengeneza upya.

Kinachofurahisha ni kwamba misuli hujifunza jambo hili upesi kuliko karibu jambo lingine lolote. Zoezi moja tu la kushuka, la kiasi cha kuuma kidogo, huyalinda mapaja kwa wiki kadhaa: ukilirudia, maumivu ni madogo na nguvu hurudi haraka. Kwa hiyo ngazi za kawaida za jengo la ghorofa ndizo uwanja wenu bora wa mazoezi, na nusu ya thamani yake iko kwenye kushuka. Jengo likiwa na lifti na bibi amechoka, apande kwa lifti na ashuke kwa miguu, mkono kwenye reli, hatua moja baada ya nyingine. Mfundisheni mtoto vilevile: goti lisinyooke kabisa, hatua iwe fupi, mguu utue bila kishindo. Mlimani ongezeni fimbo mbili kwa kila mwenye magoti ya wasiwasi, maana mikono ikichukua sehemu ya uzito, magoti hupata nafuu kubwa. Na kateni kucha za miguu siku mbili kabla. Kwenye mteremko vidole hugonga mbele ya kiatu mara maelfu, na kucha ndefu hurudi nyumbani nyeusi.

Dar es Salaam ni tambarare, na wiki kumi kabla ya Juni zinaangukia ndani ya masika, lakini hilo halizuii kitu. Kutoka chini hadi ghorofa ya nne ni kama mita 12. Mkirudia mara kumi, mmepanda mita 120 na kushuka mita 120 bila kuloana. Wekeni siku mbili za ngazi katikati ya wiki, mkianza na mara tatu tu. Jumamosi iwe siku ya matembezi marefu: dakika 45 mwanzoni, zikiongezeka kidogo kidogo hadi saa nne mwishoni mwa Mei. Mchanga wa ufukweni unafaa kwa vifundo vya miguu, kilima cha Chuo Kikuu pale Mlimani kinafaa kwa pumzi, na vilima vya Pugu vinafaa kwa mazoezi ya mwisho mkiwa na viatu, mabegi na chakula kile kile mtakachobeba Marangu. Kila baada ya wiki tatu za kuongeza, pumzikeni wiki moja kwa kupunguza. Moyo huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huenda taratibu zaidi, na anayeufuata moyo peke yake ndiye anayekuja kwangu na maumivu ya muundi. Wiki ya mwisho kabla ya safari fanyeni kidogo sana.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha, katika makala yake ya 1999, kwamba nia hutimizwa zaidi inapofungwa na hali maalumu: likitokea hili, nitafanya lile. Andikeni sentensi za namna hiyo na kuzibandika jikoni. Mvua ikinyesha Jumanne jioni, tutapanda ngazi za jengo la shangazi. Baba akichelewa foleni ya Mwenge, mama na watoto wanaanza bila yeye. Bila sentensi hizo, kila jioni inakuwa mkutano wa familia, na mkutano huo kwa kawaida hushindwa na televisheni.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Kwa kasi ile ile, anatumia oksijeni nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake kuliko baba yake, na eneo la ngozi yake ni kubwa kwa uzito wake, hivyo hupata joto na baridi upesi. Kwa asili yake hukimbia, husimama, huokota kitu, hukimbia tena. Mpeni kazi inayoendana na hilo: awahesabu mbega, ashike ramani, aamue mahali pa kula. Begi lake lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Bibi naye anahitaji zaidi ya pumzi. Anahitaji uwezo wa kusimama bila kuyumba. Asimame kwa mguu mmoja kila asubuhi akipiga mswaki, kiti kikiwa karibu. Siku ya safari, anayetembea taratibu kuliko wote awekwe mbele. Akiwekwa nyuma, kila akiwafikia wenzake wanaopumzika, wao wanaondoka, na yule aliyehitaji kupumzika kuliko wote anakuwa ndiye hapumziki kabisa.

Kuna watu ambao lazima waonane na daktari kwanza: wenye shinikizo la damu lisilotulia, kisukari, pumu, au maumivu ya kifua wanapopanda ngazi. Nasisitiza zaidi selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, na oksijeni pungufu, baridi na kupungukiwa maji ni mambo yanayoweza kumletea mgonjwa maumivu makali na hatari. Mtoto wa selimundu asipelekwe Mandara kwa kubahatisha. Ufukwe wa pwani, matembezi mafupi yenye kivuli na maji ya kutosha, kwa ushauri wa kliniki yake, vinaweza kuwa safari yake, na familia nzima iifanye pamoja naye.

Siku yenyewe hesabuni kutoka machweo kurudi nyuma. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu. Mkianza langoni saa mbili na nusu asubuhi, mtafika saa saba mchana, mtapumzika saa moja, na saa tatu za kushuka zitawafikisha langoni saa kumi na moja. Wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa saba na nusu, popote mtakapokuwa ikiwa hamjafika, na mkubaliane nayo mkiwa bado chini, kwa sababu juu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Kuleni kidogo kila saa: ndizi, tende, karanga, viazi vitamu vya kuchemsha. Kila mtu abebe fulana kavu na koti la mvua. Fulana ya pamba iliyoloa jasho inakuwa baridi mara tu mnaposimama, na Juni kule juu si Juni ya Kariakoo.

Familia za Nairobi zinaweza kufanya hesabu hii hii kwa mlima Longonot, wenye kilele cha mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Naupenda kwa familia kwa sababu ukingo unawapa mahali pa kuamua: wenye nguvu wazunguke, wengine wakae wale na kutazama chini, na wote wawe wamefika. Vivuli ni haba, kwa hiyo maji yaongezwe.

Mkirudi kutoka Marangu, msilale siku nzima. Kwenye basi la kurudi Dar, kila likisimama shukeni mtembee. Kesho yake tembeeni dakika ishirini taratibu. Damu ikizunguka, mapaja hulegea mapema. Kisha, ndani ya juma hilo hilo, chagueni njia inayofuata, kwa sababu moyo huanza kupoteza mlichoujengea baada ya wiki mbili au tatu za kukaa. Safari hii mwachieni mtoto achague. Akisema maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, ambayo maji yake hushuka mita 170, mna mlima mwingine mfupi, wenye joto na unyevu, na ngazi za shangazi bado zipo.