Kabla ya Kuchagua Ubingwa, Soma Masharti!

Mpenzi msomaji, likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Nyarugusu, Geita (si ile kambi ya wakimbizi ya Kigoma, maana naulizwa kila mara). Nilitegemea kulala, kula michembe na kupiga soga na mama. Kumbe chini ya mwembe nikakuta vijana wanne wamezunguka meza, wanarusha dadu zenye nyuso 20 na kubishana kuhusu uchawi.

"Shangazi, nisaidie," akasema mtoto wa kaka yangu, aliyekuja na mchezo huo kutoka chuo Dar. "Mchawi wangu amemaliza hatua ya 7. Nimchagulie ubingwa gani?"

Mama alikuwa anachambua choroko. Akainua kichwa. "Mchawi au mganga? Sema vizuri, majirani wanasikia."

Tulicheka sana. Lakini swali la kijana lilinikaa kichwani likizo nzima, na nimeona nikuletee.

Mchezo wenyewe

Unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, mmoja anaisimamia hadithi, na dadu zinaamua kama ulichojaribu kimefaulu. Vijana wetu wanatumia kanuni za toleo la tatu la mwaka 2000, zilizosahihishwa 2003. Humo mna fani za ubingwa. Huanzi nazo. Unaanza mchawi wa kawaida, unatimiza masharti, ndipo unahamia, kama daktari anavyosomea ubingwa. Kanuni za 2014 ziliziacha fani hizo, lakini vijana hawa hawazitaki za 2014 hata kwa dawa.

Kijana alikuwa ameshapenda jina moja: Mystic Theurge, bingwa wa njia mbili, uchawi wa vitabu na miujiza ya kuhani. Ukilisoma linavutia, kila hatua unakua pande zote. Tatizo ni kuingia. Kwa kawaida unahitaji hatua 3 za uchawi na 3 za ukuhani. Ukifika hatua ya 6, mwenzako aliyeshika njia moja ana uchawi wa hatua ya 6, wewe una wa hatua ya 3 mara mbili. Una mengi, lakini likija jambo kubwa huna la kulimaliza. Na mchawi wa kijana wetu hakuwahi kukanyaga ukuhani hata hatua moja! Yaani alitaka kuanza upya kwa ajili ya jina.

Hata kwetu ulikuwepo

"Haya mbona ni ya kwetu," mama akasema, na choroko zikawekwa pembeni.

Ni kweli. Kwa Wasukuma mganga, yaani nfumu, hajipachiki cheo. Wengi husema waliitwa na masamva, mizimu ya ukoo, kwa ugonjwa usiopona, kisha wakakaa kwa mganga mkubwa wakijifunza na kumtumikia. Juu ya hapo kulikuwa na vyama vyenye siri zake. Bagoyangi walishika nyoka na kujua dawa ya sumu yake. Banunguli waliwinda nungunungu. Na karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa dawa na ngoma mpaka wafuasi wao wakagawanyika kuwa Bagika na Bagalu. Ukienda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo mwezi Juni, utawaona bado wakishindana kuvuta watu.

Marehemu babu alikuwa Mgoyangi. Mama anasema watu waliona nyoka shingoni tu. Hawakuona miaka aliyokaa kwa mwalimu wake akilima shamba lisilo lake, wala bibi aliyebaki nyumbani na watoto wadogo.

Masharti ndiyo uganga

Hapa ndipo penye kiini, mpenzi msomaji. Cheo kinatangazwa, masharti yananong'onwa. Baba yangu mdogo aliwahi kuwa na duara lisilotoa kitu. Mganga akampa masharti: asioge, na asirudi kwa mkewe mpaka dhahabu ionekane. Miezi minne! Dhahabu haikuonekana. Mke naye, aliporudi, hakuonekana. Hakuuliza hata siku moja, "Nikitimiza, nitabaki na nini?"

Mchezaji mmoja pale mezani alitaka ubingwa wa muuaji wa siri, ambaye naye ana uchawi wake. Akasoma sharti kwa sauti: lazima uwe mwovu, na lazima umuue mtu bila sababu nyingine ila kujiunga tu. Meza nzima ikanyamaza.

Geita sharti kama hilo halichekeshi. Kuanzia 2007 watu wenye ualbino waliuawa Kanda ya Ziwa, eti viungo vyao vinaleta utajiri, na wachimbaji walikuwa miongoni mwa waliotajwa kuwa wateja. Januari 2009 Mizengo Pinda, akiwa Waziri Mkuu, alifuta vibali vya waganga. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Na vikongwe wetu, macho mekundu kwa moshi wa kuni, waliuawa kwa sababu ramli iliwataja. Mama yangu ana macho hayo hayo.

Kijana akaomba radhi, akafunga ukurasa. Ubingwa huo hakuna aliyeugusa tena.

Maswali matatu

Mwisho nilimpa kijana wangu maswali haya. Nakupa na wewe, uwe unachagua ubingwa wa mezani, kazi au hata mchumba:

1. Naacha nini ili nikipate? Wachezaji wazoefu wana kanuni yao: mchawi asipoteze hatua ya uchawi bila sababu nzito.

2. Je, ndicho ninachokifanya tayari? Ubingwa mzuri unakuza ulichonacho.

3. Sharti la kuingia linanigeuza niwe nani? Kama huwezi kulisema mbele ya mama yako, usiingie.

Akapitia karatasi yake upya. Mchawi wake alikuwa ameshajifunza uchawi mwingi wa kubashiri, na elimu ya mambo ya kale. Akachagua Loremaster, bingwa wa maarifa. Sharti lake mojawapo ni kujua aina 7 za uchawi wa kubashiri, na hupotezi hatua hata moja.

"Kwa hiyo ni mpiga ramli?" mama akauliza.

"Wa vitabu, bibi."

Mama akarudisha ungo wake mapajani. "Haya. Ila asimtaje jirani yeyote."