Umepata Mazda ya Paa la Kufunguka Nakuru? Tulia Kwanza

Mazda MX-5 ikishuka kutoka Menengai paa likiwa wazi, ni raha tupu. Lakini kabla hujatuma hata shilingi, tunakuomba ufanye haya:

Mwagia paa maji, kisha guse zulia ndani. Likilowa, mvua ya Aprili itakusumbua. Angalia kitambaa kwenye mikunjo, na kutu chini ya milango, karibu na magurudumu ya nyuma.

Halafu ingia eCitizen, uitishe rekodi ya gari kutoka NTSA. Benki ikitokea kama mmiliki, bado kuna mkopo.

Jina kwenye rekodi, kwenye kitambulisho cha muuzaji na linalotokea ukitaka kutuma pesa, yote yalingane. Hayalingani? Usitume, hata akikuambia, "Tuma kidogo nikushikie."