Ganzi na Vipimo Vyake: Kauli ya Mgonjwa na Ushahidi wa Ngozi

Neno ganzi lina maana mbili zinazokaribiana: hali ya kiungo kilichopoteza hisi, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu, na hali iletwayo na dawa ili mgonjwa aweze kupasuliwa hata akiwa macho. Maana hii ya pili ndiyo inayoitenga ganzi na nusukaputi. Makala haya yanaeleza jinsi ganzi ya sehemu ya mwili inavyopimwa bila kuingiza chombo mwilini, na nafasi ya lugha katika upimaji huo.

Tangu August Bier wa Ujerumani alipotumia ganzi ya uti wa mgongo mwaka 1898, jibu la mgonjwa limeendelea kuwa kipimo muhimu. Daktari hugusa ngozi kwa kitu baridi, kisha huuliza. Hata hivyo, swali "Unasikia?" lina utata, kwani kitenzi -sikia hubeba sauti, mguso, baridi na maumivu. Isitoshe, hisi hizi hazipotei pamoja: kwa kawaida baridi hutangulia, maumivu ya ncha kali hufuata, na mguso huwa wa mwisho kati ya hizo tatu. Hivyo mama anayengoja kujifungua kwa upasuaji aweza kujibu "Sisikii" kwa maana ya baridi, ilhali mguso ungalipo. Swali lililo salama hutaja hisi moja: "Je, baridi ya hapa ni sawa na ya begani?"

Kwa mtoto mchanga, au mgonjwa aliyelazwa usingizi, swali halifai kitu. Hapo ngozi yenyewe hutoa ushahidi. Neva zinazobana mishipa ya damu huathiriwa mapema. Zikizuiwa, mishipa hutanuka, damu huongezeka, na vidole hupata joto. Joto hilo hupimwa kwa kipimajoto cha ngozi au kamera ya mionzi ya infraredi. Aidha, baadhi ya vifaa vya kidoleni vinavyopima oksijeni kwa mwanga huonyesha uwiano wa damu inayodunda na tishu zisizodunda. Ganzi ikiingia, uwiano huo hupanda.

Pamoja na hayo, dalili hizi zathibitisha tu kwamba mishipa imelegea. Hazithibitishi kwamba maumivu yamekoma. Aidha, kiungo kilichokwisha kuwa na joto huweza kubadilika kidogo tu. Kwa hiyo, kifaa hukamilisha kauli ya mgonjwa, wala hakiiondoi. Mgonjwa awezaye kusema anastahili kuulizwa kwa maneno yasiyo na utata kabla kisu hakijagusa ngozi.