Damu ya ndugu nayo hupimwa: gharama za usalama na hukmu yake

Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Familia nyingi visiwani zinaijua hali hii: mgonjwa amelazwa, kaka yake ameshatoa damu tangu asubuhi, na alasiri inaingia hajaongezewa. Watu hukasirika. Damu ni ya ndugu wa tumbo moja, ya nini tena kuipima?

Hukmu ya asili si ngumu. Damu imeharamishwa, lakini Aayah hiyo hiyo ya Suuratul-Baqarah (2:173) imemvua mwenye dharura. Baraza la Fiqhi la Raabitah huko Makkah, katika kikao chake cha 11 mwaka 1409 Hijria (1989), liliamua kuwa kuongezewa damu hakuleti umahram kama kunavyoleta kunyonya, na kuwa damu haiuzwi. Asiyepata wa kumpa bure ataruhusiwa kununua, na dhambi ni ya muuzaji.

Lakini dharura hukadiriwa kwa kiasi chake, wala haituruhusu kuondoa dhara kwa dhara jengine. Shirika la Afya Duniani linataka kila damu ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Undugu hausafishi damu. Mtu huweza kuishi na homa ya ini B miaka mingi asijue. Tena damu ya jamaa wa karibu ina hatari yake yenyewe. Kwa kuwa imefanana na ya mgonjwa, mwili wake huenda usizitambue seli nyeupe za mtoaji, zikabaki na kumshambulia. Ni nadra sana, lakini likitokea mara nyingi huua. Kwa hiyo mgonjwa wenu akipewa damu ya mtu mwengine, na ya kaka ikaenda kwa asiyemjua, hamkudhulumiwa.

Gharama zipo, tusizifiche. Vipimo vinakula saa, vinakula fedha, na damu nyengine humwagwa. Kuna pia mashine zinazotafuta kirusi chenyewe. Hizo hufupisha zile siku za mwanzo ambazo VVU havijaonekana, kutoka kama wiki tatu hadi takriban siku kumi. Ni ghali mno, na penye vipimo vya kawaida vinavyofanywa vizuri, faida wanayoongeza ni wagonjwa wachache. Rai yetu ni kwamba penye bajeti ndogo, fedha itangulie kuhakikisha vipimo vinne havikatiki na friji ya damu haiko tupu. Mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua huweza kufa ndani ya saa chache, na friji tupu nayo ni dhara.

Hata hivyo, hesabu za fedha zina mpaka. Mwaka 1985 kituo cha taifa cha damu cha Ufaransa kiliendelea kutoa dawa zitokanazo na damu kwa wagonjwa wa hemofilia, hali kinajua zimeambukizwa, ili akiba iishe. Mkuu wake alihukumiwa kifungo mwaka 1992. Kubana matumizi kwa namna hiyo ni khiyana.

Kinga rahisi kuliko zote haina mashine: ni yale maswali anayoulizwa mtoaji kabla ya sindano. Kijana aliyesukumwa na wazee wake huona haya kusema ukweli mbele yao. Tunawaomba wazee wamwache aingie peke yake, na akitoka bila ya kutoa damu, asiulizwe sababu. Naye ajue kuwa jibu lake ni amana juu ya roho ya mtu.

Mwenye afya, kuanzia miaka 18 na kilo 50, asingoje msiba wa nyumbani kwake. Mwanamme huweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Mwezi wa Ramadhaan, kwa madhehebu ya Shaafi'iy kutoa damu hakufunguzi, kwa kukisia na kuumika, ila ni makruhu kwa anayedhoofika. Basi aende usiku baada ya Taraawiyh, pale huduma ilipo.

Wa-Allaahu A'lam.