Kutu ya Ubongo Si Ulozi

Mama yangu mzazi, aliyenifundisha majina ya vyombo vyote vya jikoni, siku hizi mwiko huuita "kile cha kusongea". Mimi ni mwanaisimu. Upotevu wa nomino naweza kuueleza darasani bila kutokwa jasho. Lakini jirani aliponinong'oneza kwamba mama amerogwa, nilikosa maneno ya Kiswahili ya kumjibu. Hilo lilinitia haya.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni yetu. Katika kuitumia, seli huzalisha chembe kali zinazoharibu protini na mafuta, mithili ya kutu ilavyo chuma. Mwili haukuachwa bila mlinzi. Mnamo 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Marekani walieleza kazi ya kimeng'enya kiitwacho supaoksidi dismutasi, ambacho huzituliza chembe hizo. Hata hivyo, umri usongapo mizani huelemea upande wa uharibifu, na vimeng'enya vyenyewe huwa miongoni mwa majeruhi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1991 ulionyesha kuwa glutamini sinthetasi, kimeng'enya kinachosaidia kuondoa glutamati ambayo ikizidi hudhuru neva, hupungukiwa na nguvu katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer.

Kutu hii si chanzo pekee cha maradhi hayo, wala si kila asahauye ni mgonjwa. Lakini ni maelezo ya mwili, si ya tunguri.

Watakaonipinga watasema kuwa sayansi nchini hufundishwa kwa Kiingereza. Naam, mtihani ni wa Kiingereza, mgonjwa je? Yeye huuguzwa nyumbani, kwa Kiswahili, Kigiriama au Kikamba. Huko Kilifi wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Pale elimu isipokuwa na lugha ya barazani, uvumi huikalia nafasi yake.

Neno "kimeng'enya" limo kamusini. Tatizo ni kwamba halijatoka humo. Mwalimu mwenzangu wa biolojia, baada ya somo lako kesho, mtake mwanafunzi akalieleze kwa nyanya yake jioni, bila neno la Kiingereza. Akishindwa, bado hajalielewa.

Nami nimemrudia jirani yangu. Alinisikiliza kimya, kisha akauliza, "Basi tumsaidieje mama?" Swali hilo lilinitosha.