Beetle: Pima Kwanza, Ndipo Ufungue Injini

Volkswagen Beetle ni gari linalomruhusu mwenyewe kulifungua. Injini imekaa nyuma, inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala pampu ya maji, na imeshikwa kwenye gia boksi kwa bolti mbili juu na nati mbili chini. Chomoa betri, fungua nyaya, kebo ya eksileta, mpira wa petroli na mabomba ya hewa ya moto. Inua nyuma ya gari, litegemeze imara, kisha ivute injini taratibu juu ya jeki ya magurudumu hadi itoke kwenye shafti ya gia. Ina uzito wa takriban kilo 110.

Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Injini ikishafika sakafuni, mtu hukimbilia spana na kuanza kutawanya vyuma, na kipimo muhimu kuliko vyote kinapotea.

Kabla hujaishusha, shika puli ya krenkshafti kwa mikono miwili, ivute na kuisukuma. Ikigonga waziwazi, azima saa ya kupimia upate namba. Nafasi inayofaa ni milimita 0.07 hadi 0.13, ikizidi 0.15, kuna kazi. Bloku ya Beetle imesubuliwa kwa aloi ya magnesiamu, chuma chepesi lakini laini. Krenkshafti hujisukuma kwenye beringi namba moja, ile iliyo upande wa flaiwili. Kama shimu tatu za hapo ndizo zilizolika, unabadilisha shimu na mambo yanaisha. Lakini kama beringi yenyewe inacheza ndani ya bloku, shimu mpya hazisaidii kitu. Bloku hiyo inakwenda kwa mkereza vyuma, itobolewe upya kwa mstari mmoja na kuwekewa beringi nene kwa nje.

Kwa maoni yangu mpaka wa mwenye gari uko hapo. Kuchonga krenkshafti, kutoboa bloku na kutengeneza viti vya valvu ni kazi za mashine, na gharama yake haina mbadala. Pistoni na silinda ni nyepesi zaidi: silinda za Beetle hutoka moja moja, hivyo unanunua seti mpya na kuichomeka.

Kufunga bloku kunataka utulivu kuliko hatua nyingine yoyote. Bloku ina nusu mbili, na kila beringi kubwa ina tundu la kukaa juu ya pini. Tundu likipishana na pini, beringi hupondwa mara unapokaza. Chora mstari kwenye beringi ukiwa umeijaribu mahali pake, ili baadaye ujue imekaa sawasawa. Nati kubwa za bloku zikaze hadi nyutoni-mita 34, kidogo kidogo, na kila mara zungusha krenkshafti kwa mkono. Ikigoma, usiilazimishe, fungua utafute sababu. Nati ya flaiwili, kinyume chake, inataka nyutoni-mita 343: chuma cha mita moja, na mzigo wa kilo 35 ukining'inia mwishoni.

Rudisha mabati yote ya kuelekeza hewa. Nimeona magari mengi ya pwani yakizunguka bila mabati hayo kwa sababu fundi aliyaona ni pambo, na inaniuma, maana bila hayo hewa ya moto kutoka chini hurudi kunyonywa na feni. Silinda namba tatu huumia kwanza. Katika injini za zamani kipozea oili kilikaa juu yake na kuizuilia hewa. Volkswagen walikihamisha katika modeli za 1971.

Siku ya kuwasha, jaza lita 2.5 za oili, toa plagi zote, uzungushe kwa stata hadi taa ya oili izime. Rudisha plagi, washa. Kama kemshafti ni mpya, usiiache injini itulie kwa sailensi. Ishikilie kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika kama ishirini. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, rekebisha valvu zote kwa milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, na utoe kichujio cha chini ukiangalie juani. Vumbi jepesi la kijivu ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha vinatoka kwenye beringi, na injini hiyo isiwashwe tena mpaka ifunguliwe.